Gunia la Choroko Limo Ndani, Kisha Tunasema Hakuna Mboga



Leo sitaanza na korosho. Najua wengi mnasubiri nizungumzie salfa, palizi na mnada. Hayo yatakuja kwa wakati wake. Leo nina ugomvi na nyinyi, na ugomvi wenyewe ni wa mboga.

Mwezi wa nane mwaka jana nilipita nyumba moja hapa Msimbati nikiwa kwenye kazi ya kuhesabu mikorosho. Ilikuwa saa saba mchana. Bibi mwenye nyumba, baada ya shikamoo na marahaba, akanikaribisha chakula kama ilivyo desturi yetu. Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa muhogo na maji ya chumvi yenye pilipili. Akaona aibu, akasema, "Utatusamehe bwana shamba, mboga hakuna. Kusi inavuma siku ya nne, vijana hawajaingia baharini, dagaa imeadimika." Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa anachovya tonge kwenye maji yaleyale.

Nyuma ya mlango wa chumbani lilisimama gunia. Nikauliza, bibi, hilo ni la nini? Akajibu, "Choroko. Hiyo ya kuuza, tunamsubiri mnunuzi." Nikamuuliza kwa nini asipike hata kidogo. Akasema choroko inakula kuni, na kuni siku hizi zinafuatwa mbali.

Nilikula ule ugali, nikashukuru, nikaondoka. Lakini tangu siku ile nimekasirika, na hasira yangu si kwa bibi. Nimekasirikia mazoea yetu sote, na mimi mwenyewe nimo, maana nimefanya kazi ya ugani miaka kadhaa na sikuwahi kuitisha mkutano hata mmoja kufundisha jambo ninalotaka kulisema leo.

Jambo lenyewe ni hili: choroko iliyooteshwa ndani ya nyumba ni mboga. Haitaki shamba, haitaki mvua, haitaki mbolea. Inataka siku tatu, chombo safi na maji yasiyo na chumvi. Anayeuza choroko yote hadi punje ya mwisho, kisha akasema kiangazi hakuna mboga, ameiuza mboga yake mwenyewe.

TUNAUZA YOTE, TUNABAKI NA GUNIA TUPU

Tuseme ukweli. Choroko tunaipanda mvua zinapokaribia kuisha, tunavuna kiangazi kinapoanza, na kabla haijakauka vizuri mnunuzi yuko mlangoni na mizani yake. Wengine mnaiuza hata kabla ya kuvuna, kwa kangomba, kwa sababu mtoto anataka sare au shughuli ya unyago imekaribia. Simlaumu mwenye shida. Namlaumu mwenye magunia manne anayeuza yote manne.

Bei ya choroko na mbaazi haipangwi Msimbati wala Mtwara mjini. Mnakumbuka mwaka 2017. Mwezi wa nane India iliweka ukomo wa mbaazi na choroko zinazoingia kutoka nje, na bei huku kusini ikaanguka vibaya. Mbaazi ikageuka mzigo, watu wanayo ndani na hawajui waifanyie nini, kwa sababu walikwishajizoesha kuiona kuwa ni ya mnunuzi. Mkulima anayelima chakula akasahau kuwa ni chakula, huyo bei ikianguka inamwangusha mara mbili, mfukoni na jikoni.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Debe moja la choroko ni kilo 16 hivi. Nyumba ya watu sita ikiotesha robo kilo kwa mara moja, mara mbili kwa wiki, inatumia nusu kilo kwa wiki. Kilo 16 zinakwenda wiki 32. Ukivuna Juni, debe hilo linakufikisha Januari, mvua zimenyesha na mchicha umeota. Kiangazi chote, debe moja tu. Chukua bei ya debe ya msimu huu, kisha jiulize umetumia kiasi gani mwaka jana kwa kabichi iliyonyauka kutoka mjini, iliyopanda gari na kulipiwa nauli kama abiria. Hesabu hiyo kila nyumba ina majibu yake, ila sijaona nyumba ambayo kabichi imeshinda.

Na hapa nazungumza na akina baba. Gunia mnasema ni lenu, na kikao cha kuuza mnakaa wenyewe. Lakini jioni mnamuuliza mama, mboga iko wapi? Kabla ya mizani kuwekwa, toeni debe moja mumkabidhi mama, na lisihesabiwe tena kama la kuuza.

KWA NINI HAPA KWETU HASA

Kuna mahali mtu akikuambia lima bustani, amekushauri vizuri. Hapa kwetu ushauri huo una matatizo yake. Ardhi ya Msimbati ni mchanga. Unamwaga ndoo asubuhi, mchana tuta limekauka. Visima vingi vya karibu na ufuko vina chumvi. Mbuzi hawana adabu. Mwenye kisima kizuri na uzio alime, nitakuja kumsaidia. Lakini mjane mwenye ndoo mbili za maji kwa siku nimwambie nini? Tuta la mchicha linataka maji kila siku kwa wiki tatu au nne. Robo kilo ya choroko inataka lita kumi hivi kwa siku zote tatu, na maji ya kuoshea hayapotei: mpe kuku, au mwagia shina la mpapai.

Kisha kuna kuni. Gesi iligunduliwa hapa Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Lakini jikoni kwetu bado tunapuliza kuni na mkaa, na wengine, tusifichane, wanaingia kwenye mikoko, ilhali tunaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Choroko kavu inachemka saa nzima na zaidi. Choroko iliyoota siku tatu inaiva kwa robo saa. Bibi yule alinipa sababu ya kweli kabisa ya kutopika choroko, na kuotesha ndilo jibu la sababu yake.

KINACHOTOKEA NDANI YA PUNJE

Punje kavu ya choroko ni mmea uliolala pamoja na chakula chake cha safari. Ukiiloweka inaamka. Inaanza kuvunja akiba yake iwe nyepesi ili mzizi na shina vitoke. Vile vitu vinavyofanya tumbo kujaa hewa vinapungua, na zile kani zinazoshika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini zinapungua pia. Kubwa zaidi, inatengeneza vitamini C, ambayo punje kavu haina, au inayo kidogo mno. Vitamini C ndiyo inayozuia kiseyeye, ugonjwa ambao mabaharia wa zamani waliujua vizuri, fizi zinatoka damu na meno yanalegea. Mwaka 1918 daktari mmoja Mwingereza aitwaye Wiltshire aliandika jinsi alivyowatibu askari wa Serbia wenye kiseyeye kwa maharage yaliyooteshwa, na yalifanya kazi vizuri sawa na maji ya limau.

Lakini naomba tusidanganyane, maana siku hizi kuna watu wanatuma ujumbe kwenye simu kwamba choroko iliyoota inatibu sukari, presha na nguvu za kiume, na kwamba kilo moja inakuwa kilo tano za protini. Huo ni uongo. Robo kilo ya choroko ina protini gramu 60 hivi. Ukiiotesha ikawa kilo moja, protini ni ileile, kilichoongezeka ni maji. Na ukipika, sehemu ya vitamini C inapotea motoni. Kinachobaki bado ni kizuri: mboga laini, yenye protini, inayoiva upesi, wakati ambao huna mboga nyingine. Hiyo inatosha. Chakula kizuri hakihitaji kusifiwa kwa uongo.

WANAOPINGA, NIMEWASIKIA

Nimeanza kulisema jambo hili barazani na majibu nimeyapata. Nitayajibu moja moja.

"Hicho ni kimea, na kimea ni cha pombe." Hili aliniuliza mzee mmoja ninayemheshimu sana, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mzee wangu, kuotesha si kuchachusha. Pombe inapatikana pale kimea kinaposagwa, kikapikwa na kuachwa kichachuke kwenye chombo. Choroko yetu inaota, inaoshwa, inapikwa, inaliwa siku hiyohiyo. Mbegu iliyoota shambani kwako si pombe, na iliyoota kwenye bakuli ni hiyohiyo. Hata kimea chenyewe kina kazi nyingine. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilifanya kazi kubwa miaka ya 1980 kuonyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa, ukitiwa kwenye uji mzito wa mtoto, unaufanya uwe mwepesi kumezeka bila kuongeza maji. Mtoto mwenye tumbo dogo anapata unga mwingi kwa kikombe kilekile. Kwa hiyo kuotesha kwa ajili ya lishe ni elimu iliyofanyiwa kazi na wataalamu wa nchi hii kabla mimi sijazaliwa, kisha sisi tulioajiriwa kuifikisha vijijini tukailalia.

"Hicho ni chakula cha Wachina." Ni kweli Wachina wanakipenda. Na muhogo ulitoka Amerika, nanasi pia. Choroko tunailima wenyewe na tunaila kwa wali na tui tangu utoto. Tunachobadilisha ni siku tatu tu kabla ya kuiweka jikoni.

"Ni chakula cha njaa, jirani akiona atanicheka." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jirani hatakucheka ukila ugali na chumvi, kwa sababu hilo mnafanya wote. Atakucheka ukila choroko ya tui? Acha acheke. Mtoto anayekula mboga hacheki wala halii.

"Tunacho kisamvu." Hapo umesema kweli, na sikuambii uache. Kisamvu na matembele vina vitamini A ambayo choroko iliyoota haina ya kutosha. Pika vyote, leo hiki kesho kile. Ninachopinga ni siku zile ambazo hakuna hiki wala kile.

DAWA: HAPA SITANII

Sasa nazungumza na wafanyabiashara, na wakulima mnaohifadhi. Choroko inashambuliwa sana na bungua. Mwezi mmoja tu, gunia linatoa unga. Kwa hofu hiyo watu wanatia dawa kwa kiganja, bila kipimo, kisha gunia hilohilo linauzwa dukani kama chakula. Msimu uliopita nilikuta choroko yenye rangi ya waridi inapimwa kwa kikombe. Ilikuwa mbegu iliyopakwa dawa, imebaki baada ya kupanda, muuzaji ameiosha na kuichanganya na nyingine. Alipoulizwa akasema, "Ikichemka dawa inatoka."

Haitoki. Mbegu iliyopakwa dawa, iwe nyekundu, waridi, buluu au kijani, haigeuki kuwa chakula kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Iliyobaki ihifadhi kwa kupanda mwakani, mbali na jikoni. Anayemuuzia jirani mbegu hiyo kama chakula anamuuzia sumu, na akijua afanyalo, jina lake silo mfanyabiashara.

Dawa za vumbi za kuhifadhia nafaka zina kipimo na muda wa kusubiri, vyote vimeandikwa kwenye pakiti. Ukitumia, fuata hivyo, na debe la kuotesha liache bila dawa kabisa. Na vile vidonge vya kufukizia maghala, nakuomba kama ndugu yako, usiviingize kwenye nyumba mnayolala. Hewa yake inaua watu usingizini.

Debe la nyumbani halihitaji dawa. Anika choroko juu ya turubai, siyo juu ya mchanga, mpaka punje ukiiuma inavunjika kwa mlio. Pepeta, chagua. Kisha iweke kwenye mfuko wa kuzuia hewa, kama ile ya PICS yenye tabaka tatu, au kwenye dumu kavu lililojazwa hadi juu na kufungwa kabisa. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa, na choroko iliyokaushwa vizuri inaendelea kuota.

JINSI YA KUOTESHA

1. Jaribu kwanza. Hesabu punje 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili. Zikiota 17 au zaidi, ni nzuri. Zikiota chini ya hapo, zisizoota zitaoza na kuharibu wenzake. Hiyo pika kawaida.

2. Chagua. Chukua robo kilo. Toa mawe, zilizotobolewa na zilizovunjika. Osha mpaka maji yawe meupe.

3. Safisha chombo. Ndoo ndogo ya plastiki yenye matundu chini, au chujio kubwa. Kung'uto na pakacha ni vizuri kwa kazi nyingine, ila hapa uchafu unajificha kwenye msuko. Mwagia chombo maji ya moto, na kitambaa cha kufunikia kichemshe.

4. Loweka. Tia maji safi lita moja, usiku kucha, saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga.

5. Chuja, funika, weka gizani. Tandaza choroko kwenye chombo, isizidi vidole viwili kwa unene. Funika kwa kitambaa kibichi. Weka mahali penye kivuli na hewa, juu ya meza, mbali na kuku na panya. Chini ya matundu weka bakuli.

6. Suuza mara tatu kwa siku. Asubuhi, mchana, jioni. Maji yapite, yachuje yote. Choroko iliyokaa ndani ya maji haioti, inaoza. Joto letu la pwani linaharakisha kuota na linaharakisha kuoza pia, kwa hiyo usiruke hata mara moja.

7. Vuna siku ya tatu. Mkia ukiwa na urefu wa kidole kimoja cha mkono kwa upana au zaidi kidogo, ziko tayari. Zinukie kama njegere mbichi. Zikinuka uvundo au zikiteleza, tupa zote, usichague.

Kuhusu maji nisikilizeni vizuri, maana somo hili nimelilipia. Mara yangu ya kwanza kuonyesha kazi hii mbele ya akina mama, nilitumia maji ya kisima cha karibu na ufuko. Siku ya tatu nikafunua kitambaa kwa madaha, choroko nusu hazijaota na nusu zinanuka. Akina mama wakaziba pua, mmoja akasema, "Bwana shamba, hii tule au tuzike?" Walikuwa na haki ya kucheka. Chumvi inaizuia punje kunywa maji. Kwa hiyo onja maji kwanza. Ukihisi chumvi ulimini, usiyatumie. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaiongeza ukali. Tumia maji ya mvua uliyokinga, ya bomba, au ya kisima kisicho na chumvi. Kama si salama kunywa, yachemshe, yapoe, ndipo utumie.

USILE MBICHI

Utawaona watu kwenye video wakitafuna choroko zilizoota bila kupika. Waache. Joto na unyevu unaoiamsha choroko unaamsha na vijidudu vilivyokuwa kwenye ganda, na kuosha hakuviondoi vyote. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, nchi yenye maabara na majokofu kila mahali, zaidi ya watu 50 walikufa na maelfu waliugua kwa bakteria waliotoka kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Kama yamewakuta Wajerumani, sisi tunaopambana na kipindupindu tusijaribu. Mama mjamzito, mtoto, mzee na mwenye kinga dhaifu hasa wasionje kabisa mbichi.

Pika hivi: osha, tia sufuriani na maji kidogo na chumvi, chemsha dakika 10 hadi 15 mpaka zilainike. Kaanga kitunguu na nyanya pembeni, changanya, malizia na tui zito, likichemka epua. Ukiwa na dagaa kidogo, tia. Mtoto mdogo mpondee. Mkipika jioni, iishe jioni hiyohiyo.

Na tahadhari ya aina. Choroko na kunde zinafaa. Mbaazi inaota pia ila inataka kuchemshwa muda mrefu zaidi. Maharage ya kawaida, hasa mekundu, yana sumu yakiwa mabichi, na kuota hakuiondoi. Hayo yachemke kwelikweli nusu saa na zaidi. Fiwi usiotesheshe kabisa kwa kazi hii.

KWA MWENYE GENGE

Dada yangu mwenye genge, na mama lishe, hapa pana fungu la biashara. Robo kilo inatoa kati ya robo tatu na kilo nzima ya mboga kwa siku tatu. Anza na kidogo, kilo moja, upande siku tofauti ili kila siku uwe na ya kuuza. Lakini uza siku ileile uliyovuna, kivulini, kwenye chombo chenye kifuniko. Usinyunyizie maji ya ndoo iliyokaa tangu asubuhi ili zing'ae. Mwambie mteja azipike. Anayeuza zilizolala jana anapata pesa ya siku moja na kupoteza wateja wa mwaka mzima, maana tumbo likimuuma mtu mmoja Msimbati, hadi Madimba watajua kabla ya magharibi.

NINACHOKUTAKA UFANYE

Sikuombi ubadilishe kilimo chako. Korosho lima, choroko uza, samaki vua. Nakuomba debe moja. Mwaka huu, kabla mizani haijafunguliwa, toa debe moja lisilo na dawa, likaushe, lifunge, limkabidhi anayepika. Asiye na debe atoe pishi mbili. Asiye na pishi anunue robo kilo dukani, aulize kwanza kama imetiwa dawa, aione rangi yake, ajaribu punje 20.

Na sisi maafisa ugani tuache kupima kazi yetu kwa tani zilizokwenda mnadani peke yake. Mtu anaweza kuvunja rekodi ya korosho na mtoto wake akachovya ugali kwenye maji ya chumvi. Nimeona kwa macho, nimekula sahani hiyo.

Kwa bibi yule nilirudi. Nilikwenda na chujio langu na dumu la maji ya bomba, tukaotesha pamoja kutoka gunia lake mwenyewe. Siku ya tatu akapika kwa tui. Akaonja, akanyamaza kidogo, akasema, "Na hii ilikuwa humu ndani siku zote?"

Ndiyo, bibi. Ilikuwa humo ndani siku zote.

Ukiwa na swali, nione ofisi ya kata, au nisimamishe njiani, pikipiki yangu mnaijua. Na kama umejaribu ikaoza, njoo na chombo chako tuangalie pamoja ulipokosea. Mimi nilianza kwa kuozesha, usione haya.